Viza ya Schengen kwa wakaazi wa Unguja na Pemba: karatasi zinazoangusha maombi

Mwanzisha uzi (Mjini, Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine nyote hamjambo. Maswali ya viza ya kwenda Ulaya yamekuwa mengi humu, na majibu mengi ninayoyasoma yanazunguka pesa: uwe na kiasi gani benki, nani akudhamini, nani anajuana na nani ubalozini. Kazi yangu ya kila siku ni kujaza fomu na kupanga mafaili ya watu hapa Darajani, na kwa ninavyoona, maombi mengi ya watu wetu hayaangushwi na ufukara. Yanaangushwa na karatasi za mtu mmoja kusimulia habari za watu wawili. Afisa anayesoma faili hakujui wewe wala mtaa wako. Anachokijua ni karatasi zilizo mbele yake, na zikipingana hana wajibu wa kukupigia simu akuulize ipi ndiyo ya kweli.

Viza ya Schengen ya muda mfupi ni moja kwa nchi 29. Zimo Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uhispania na Uholanzi, na zimo pia Norway, Uswisi, Iceland na Liechtenstein ambazo si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Bulgaria na Romania zilikamilisha kuingia tarehe 1 Januari 2025. Uingereza haimo, wala Ireland, wala Cyprus. Kwa hivyo mwenye ndugu Rotterdam na ndugu London anahitaji viza mbili, na akitaka kutoka Rotterdam kwenda London kisha arudi Rotterdam kupanda ndege ya kurejea nyumbani, viza yake ya Schengen lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo safari itamkwamia London.

Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia mwanzo. Wapo wanaofuata uvumi kwamba ubalozi fulani ni mwepesi, wakaomba hapo ilhali mwaliko wao unatoka kwengine. Simshauri mtu kufanya hivyo. Viza haimpi msafiri haki ya moja kwa moja ya kuingia. Afisa wa mpakani ana mamlaka ya kukuuliza unakwenda wapi, utalala wapi na umechukua nini cha kujikimu, na jibu lisilolingana na faili laweza kuifuta viza pale pale.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai kwa angalau miezi mitatu baada ya siku uliyopanga kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Pasipoti zetu za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018 na hudumu miaka 10, kwa hivyo waliozichukua mwanzo kabisa muda wao unamalizika 2028, na si vyema kungoja mwaliko ufike ndipo tarehe itazamwe.

Sasa jina, na hapa nitakaa kidogo. Uhamiaji ni jambo la Muungano, na fomu ya pasipoti inataka namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, wakati kitambulisho tunachokitumia hapa kila siku, cha Mzanzibari Mkaazi, kinatolewa na wakala wetu wa usajili wa matukio ya kijamii. Ni vyombo viwili, vilivyomwandikisha mtu kwa nyakati mbili, na kila karani aliandika alivyosikia. Utamkuta mtu cheti chake cha kuzaliwa kinasema Fatma Khamis Juma, NIDA inasema Fatuma Hamis Juma, benki ameandikwa Fatma K. Juma, na katika cheti cha ndoa jina la babu limekuwa jengine kabisa, kwa sababu aliyelitaja siku ya ndoa alikuwa ami yake na alitumia lakabu ya mzee. Kwetu sisi huyo ni Fatma yule yule na hakuna anayeuliza. Ubalozini, huyo ni Fatma na Fatuma, na mmoja wao hana akaunti ya benki.

Dawa yake ni kuanzia kwenye mzizi. Cheti cha kuzaliwa kitengenezwe kwanza, kisha NIDA ifuate cheti, pasipoti ifuate NIDA, na benki wapelekewe pasipoti wasahihishe jina lao. Atakayeanzia juu, akabadilisha pasipoti kabla ya cheti, atalipa mara mbili. Hati ya kiapo inasaidia kwa tofauti ndogo ya herufi, lakini isitumike kufunika majina mawili yasiyofanana. Na kazi hii yote ifanywe kabla ya kuchukua miadi.

Liko jengine la majina ambalo wengi hawalitarajii. Wazungu wengi hurithishana jina la mwisho, na sisi tunarithishana jina la baba kuwa la pili na la babu kuwa la tatu. Ali Makame Haji akienda kumtembelea mwanawe Juma Ali Makame, majina ya mwisho hayafanani. Mama yake Juma ndio kabisa, hana hata jina moja analochangia na mwanawe. Afisa akisoma «ninamtembelea mwanangu» na majina yako mbali namna hiyo, atataka ushahidi. Weka cheti cha kuzaliwa cha huyo mtoto aliye Ulaya pamoja na tafsiri yake, na katika barua yako ya maelezo eleza kwa sentensi mbili jinsi majina yetu yanavyopangwa. Ni jambo jepesi, na bado ndilo ninaloliona limeachwa katika mafaili mengi.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu tarehe 11 Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 ambaye hajatimiza 12 hulipiwa yuro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Pesa hizi hazirudi hata ombi likikataliwa, na pale ambapo ubalozi unatumia wakala wa kupokea maombi, wakala naye ana ada yake. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho wake ni siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, na faili likihitaji uchunguzi huweza kufika 45. Sisi wa visiwani tuongeze na boti. Alama za vidole hutolewa kwa kufika mwenyewe, na balozi ziko Dar es Salaam (nchi nyengine hazina ubalozi hata huko, huwakilishwa na nchi nyengine au hupokea maombi Nairobi). Mtu wa Chake Chake au Micheweni ana safari ya kwanza ya kufika Unguja kabla hata hajaanza hiyo ya Dar, kwa hivyo aulize mapema kama pasipoti yaweza kutumwa au ni lazima airudie mwenyewe. Alama za vidole zikishachukuliwa hubaki katika mfumo miezi 59, na ndani ya muda huo ombi jengine halihitaji zichukuliwe upya.

Bima ya safari iwe ya thamani isiyopungua yuro 30,000, ifae katika nchi zote za Schengen na ifunike siku zote za safari, pamoja na matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani kwa maradhi au kifo. Wapo wanaolalamika kwamba huu ni unyonyaji. Nasi tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaotoka nje tunawatoza dola 44 za bima kabla hawajakanyaga Zanzibar, kwa hivyo tulipe tu tunyamaze.

Tiketi usiilipie kabla ya viza. Kinachotakiwa ni nafasi iliyoshikwa yenye tarehe za kwenda na kurudi. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa. Maswali yaendelee, nitajibu kadiri ninavyojua.

Mchangiaji (Wete, Pemba)

Waalaykum salaam. Ahsante kwa maelezo, mwanangu. Mimi ni mkulima wa karafuu, na binti yangu ameolewa Hamburg na anataka niende nikamuone mjukuu. Tatizo langu ni benki. Msimu ukiwa mzuri naingiza pesa mara moja, nalipa vibarua wa kuchuma na madeni ya dukani, kisha akaunti inakaa kavu mpaka msimu mwengine. Jamaa wananiambia nikope milioni kadhaa nizitie ndani wiki mbili kabla ya kwenda ubalozini, kisha nizitoe. Wewe wasemaje?

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo. Usifanye hivyo. Pesa iliyoingia ghafla bila ya asili yake ndiyo kitu cha kwanza kinachoonekana katika taarifa ya benki, kwa sababu msomaji hatazami salio la mwisho peke yake. Anatazama mwendo wa miezi yote. Akaunti iliyolala kwa laki mbili kisha ikaamka na milioni nane haimwambii kwamba una uwezo, inamwambia kwamba kuna mtu anakuazima.

Wewe una ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Karafuu hapa kwetu huuzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, tu kwa mujibu wa sheria, kwa hivyo kila gunia ulilopeleka kituoni lina stakabadhi yenye uzito, daraja na malipo. Kusanya stakabadhi za misimu iliyopita, zipange kwa tarehe, na kila malipo yaliyopita benki yawekee alama katika taarifa ili msomaji aone kwamba namba ya stakabadhi na namba ya benki ni pesa ile ile. Omba taarifa ya benki ya mwaka mzima hata kama ubalozi unataka ya miezi michache, kwa sababu miezi mitatu ya kiangazi kwa mkulima wa karafuu haisemi lolote. Ongeza hati ya shamba. Kama ni eka tatu alizopewa mzee wako baada ya Mapinduzi, tafuta hati yake. Na sheha wako, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, aandike barua inayotaja mikarafuu hiyo, nyumba yako na watu unaoishi nao. Kisha wewe mwenyewe eleza katika barua yako kwamba kipato chako ni cha msimu, na utaje msimu ujao unaotarajia uwepo shambani. Hiyo ndiyo sababu yako ya kurudi, na ina nguvu kwa kuwa ni ya kweli na ina tarehe.

Halafu kwa Ujerumani kuna njia ambayo binti yako anapaswa kuijua. Mwenyeji anaweza kwenda katika idara ya wageni ya mji wake, akaonesha mapato yake, na kuandika tamko rasmi la dhamana kwamba gharama zako zote za kukaa huko, hata za matibabu, ziko juu yake. Tamko hilo, lile la asili, hutumwa kwako ukaliweka katika faili. Likiwepo, swali la pesa zako linapungua uzito sana, ingawa swali la kurudi kwako linabaki pale pale, na stakabadhi za karafuu ndizo zitakazolijibu. Ufaransa wao wana utaratibu unaofanana kidogo: mwenyeji huchukua cheti cha mapokezi katika afisi ya meya, na mgeni mwenye cheti hicho hutakiwa kuonesha yuro 32.50 kwa siku badala ya yuro 65 zinazotakiwa kwa anayelala hotelini.

Mchangiaji (Kiwengwa, Unguja)

Mimi nimeoa Muitaliano, tumefunga ndoa hapa hapa. Nimesikia kwamba mume au mke wa raia wa Ulaya halipi ada wala hatakiwi kuonesha pesa. Ni kweli? Tunafikiria kwenda Ufaransa kumtembelea dada yake, na baadaye kwao Italia. Kazi yangu ni ya hoteli, na mkataba ni wa msimu.

Mwanzisha uzi

Ni kweli kwa sehemu, na inategemea nchi mnayokwenda. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu uhuru wa raia wake kutembea inamhusu raia anayekwenda au kuishi katika nchi mwanachama isiyokuwa yake, pamoja na mwenzi wake anayefuatana naye au anayemfuata. Mkeo Muitaliano akienda Ufaransa nawe, unaingia katika sheria hiyo: viza ni bure, inatakiwa ishughulikiwe haraka, na unachothibitisha ni ndoa, uraia wake na kwamba mnasafiri pamoja au unamfuata. Barua ya mwajiri na taarifa ya benki si sharti kwako. Mkienda Italia, nchi ya mkeo mwenyewe, hapo sheria ya Italia ndiyo inayoamua, na ubalozi wao ndio wa kuulizwa.

Kinachowakwamisha watu wa hali yako ni cheti. Ndoa iliyofungwa na shekhe msikitini mbele ya mashahidi ni ndoa halali kwa dini, lakini kama haikusajiliwa, ubalozini haipo. Hakikisha una cheti cha ndoa kilichosajiliwa, majina yameandikwa kama yalivyo katika pasipoti zote mbili (jina la mkeo alilosilimu nalo, kama lipo, lisiachwe peke yake bila ya jina la pasipoti), na kimetafsiriwa.

Kuhusu mkataba wa msimu, kwa safari za kawaida zisizokuwa hizi za kifamilia, mwambie meneja aandike barua inayosema umefanya kazi hapo tangu lini, hoteli hufunga mwezi gani, na unatarajiwa kurudi kazini tarehe ngapi. Barua isemayo tu kwamba «ni mfanyakazi wetu mwema» haina faida.

Mchangiaji (Fuoni, Unguja)

Nakuheshimu, lakini mimi sikubaliani. Kaka yangu alipeleka kila kitu, majina yote sawasawa, barua ya kazi ya serikali, na bado alikataliwa. Hawa wanakataa wanavyotaka, na karatasi ni kisingizio tu. Na sasa hata kulalamika huwezi.

Mwanzisha uzi

Sikatai kwamba wapo wanaokataliwa bila ya kustahiki, na hasira ya kaka yako naielewa. Hata hivyo, kukataliwa huja na fomu maalumu ambayo sababu zimewekewa alama, na fomu ile isomwe kabla ya kufanya lolote. Sababu hazifanani. Ikiwa alama imewekwa kwenye madhumuni ya safari kutothibitishwa, kasoro iko katika mwaliko au ratiba. Ikiwa ni pesa za kujikimu, iko katika taarifa ya benki. Ikiwa ni shaka juu ya nia ya kuondoka kabla ya viza kwisha, ndipo kazi, shamba, familia na safari za nyuma zinapohusika. Na ikiwa imeandikwa kwamba taarifa zilizowasilishwa si za kuaminika, hiyo ni nzito kuliko zote, na mtu asiombe tena mpaka ajue ni karatasi ipi iliyotiliwa shaka. Kwa mtumishi wa serikali nimeona mara nyingi kinachokosekana ni ruhusa ya likizo yenye tarehe zilezile za safari. Barua ya kazi ipo, ila haisemi kama mwajiri anajua kwamba mtu wake anasafiri.

Haki ya kukata rufaa ipo kisheria, na fomu yenyewe hueleza utaratibu wa nchi husika. Nadhani unalolikusudia ni la Ujerumani, ambao tarehe 1 Julai 2025 waliondoa utaratibu wa kulalamika kwa ubalozi wenyewe. Kilichobaki kwao ni kuomba upya au kufungua shauri katika mahakama ya utawala ya Berlin. Kwa safari ya matembezi, kuomba upya ukiwa umerekebisha kasoro iliyotajwa ni nafuu kuliko mahakama. Kuomba upya na faili lile lile ni kutupa yuro 90 nyengine.

Mchangiaji (Mkoani, Pemba)

Na mtoto je? Nataka kwenda na mwanangu wa miaka tisa. Baba yake amefariki.

Mwanzisha uzi

Pole sana dada. Mtoto aliye chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole, ila awe na pasipoti yake, fomu yake na bima yake. Kwa kawaida hutakiwa ridhaa ya wazazi wote wawili. Kwako wewe weka cheti cha kifo cha baba pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama mtoto analelewa na bibi au ami, huyo ndiye atakayehitaji hati ya mahakama inayompa malezi. Usisahau barua ya skuli inayoonesha anasoma darasa gani na kwamba safari iko ndani ya likizo.

Mchangiaji (Mwanakwerekwe, Unguja)

Viza yangu imetoka, alhamdulillahi. Niliomba kwa safari ya tarehe 1 hadi 20 Julai. Kwenye stika imeandikwa kuanzia 1 Julai hadi 4 Agosti, muda wa kukaa siku 20. Tiketi ya nafuu niliyoipata ni ya kufika tarehe 5 Julai na kuondoka 27 Julai. Niko ndani ya muda, sivyo?

Mwanzisha uzi

Hapana, na nashukuru umeuliza kabla ya kuondoka. Zile tarehe mbili ni dirisha la kuingia na kutoka. Wameongeza siku 15 juu ya siku zako 20 ili ndege ikisogezwa usipate taabu. Haki yako ya kukaa ni siku 20 tu ndani ya dirisha hilo. Siku ya kufika inahesabiwa hata kama umetua saa tano za usiku, na siku ya kuondoka inahesabiwa pia. Ukiingia tarehe 5, siku ya ishirini ni tarehe 24 Julai. Tarehe 27 utakuwa umezidisha siku tatu. Tazama pia ile sehemu ya idadi ya kuingia: ikiwa ni 1, ukishatoka hurudi, hata siku zikiwa zimebaki.

Zamani mtu aliweza kutegemea muhuri uliofifia. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza, kwa awamu, mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka kwa msafiri wa muda mfupi asiyekuwa raia wao, na hesabu ya siku inafanywa na mashine. Siku tatu hizo zitaonekana pale pale na zitakungoja katika ombi lako lijalo. Nenda kwa wakala aliyekukatia tiketi, airudishe nyuma iwe ya tarehe 23, na ile 24 ibaki kuwa akiba yako ndege ikichelewa. Kinachotazamwa ni siku uliyotoka katika uwanja wa mwisho wa Schengen, si siku uliyofika uwanja wetu wa ndege wa Kisauni.